Kusoma mara moja: kisa cha ACCESS_ONCE na kufuli lililokwama kwenye kerneli ya Linux

Novemba 2014, Christian Borntraeger, mhandisi wa IBM aliyeshughulikia KVM, sehemu ya kerneli inayoendesha mashine pepe, kwenye mashine kubwa za s390, alituma kiraka cha kurekebisha kufuli la ipte. Maelezo yake yanatisha. Uzi (mfululizo wa amri unaotekelezwa peke yake) wa prosesa pepe unaweza kulala ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na usiamke tena, na hata ukiupiga `kill -9` haufi. Mashine pepe inayoutegemea inabaki hivyo hivyo, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Ukiusoma msimbo wa C uliozaa tatizo hilo, huoni kosa. Kila mstari umekaa mahali pake. Aliyeuandika alijua hatari za nyuzi nyingi kugusa kumbukumbu moja kwa wakati mmoja, na akatumia makro (jina linalobadilishwa na kipande cha msimbo kabla ya kukompaili) ile ile, `ACCESS_ONCE`, ambayo watu wa kerneli waliitumia kwa kazi hiyo kwa miaka. Kosa lilikuwa chini ya makro, pale ambapo kompaila ya GCC inaigeuza C kuwa amri za prosesa.

Nimekichagua kisa hiki miongoni mwa vingi vya aina yake kwa sababu kinaonyesha waziwazi kazi ya makro za kompaila ndani ya kerneli, na kwa sababu hakikuishia kwenye kiraka kimoja. Kilichukua takriban miaka sita kabla ya makro yenyewe kupewa meno.

Kompaila huona uzi mmoja tu

Tuanze na kitanzi kidogo:

```
while (!tayari)
        ;
```

Mtu anayeandika hivi anangoja uzi mwingine uweke 1 kwenye `tayari`. Kompaila haijui habari za uzi mwingine. Inachoona ni kwamba ndani ya kitanzi hakuna anayegusa `tayari`, kwa hiyo ina haki ya kuisoma mara moja, kuiweka kwenye rejista (hifadhi ndogo iliyomo ndani ya prosesa), na kuzunguka juu ya rejista hiyo mpaka umeme ukatike. Kwa programu ya uzi mmoja huo ni uboreshaji halali kabisa. Ndani ya kerneli ni mashine iliyoganda.

Upande wa pili wa hatari hiyo ndio unaotuhusu zaidi leo, na ni watu wachache wanaoufikiria. Kompaila ina ruhusa pia ya kusoma mara *mbili* mahali ambapo wewe umeandika mara moja. Umechukua thamani kutoka kwenye kumbukumbu ukaiweka kwenye kigeu chako cha ndani, ukadhani sasa unayo nakala yako. Rejista zikiwa chache, au hesabu fulani ikionekana nafuu kwa njia hiyo, kompaila inaweza kuitupa nakala na kwenda kuisoma tena kumbukumbu ileile. Kwa macho yake hakuna kilichobadilika, kwani nani angebadilisha?

C ina neno `volatile` kwa ajili ya mambo haya, lakini kerneli ya Linux ina msimamo wake kuhusu neno hilo, na kuna waraka mzima ndani ya nyaraka zake unaoueleza: usitie `volatile` kwenye data. Data inayolindwa na kufuli haiihitaji, na ukiiweka kwenye tamko la kigeu, unalipia gharama yake kila mahali kigeu hicho kinapoguswa, hata pale ambapo hakuna hatari. Kinachohitaji ulinzi ni kitendo cha kusoma au kuandika, mahali maalumu, kwa sababu maalumu. Kutokana na fikra hiyo ndipo ilipotoka makro hii, ambayo Paul McKenney aliihitaji katika kazi ya RCU (mbinu ya kerneli ya kusoma data bila kushika kufuli) na ambayo mwaka 2008 ilihamishiwa kwenye `linux/compiler.h` ili itumiwe na wote:

```
#define ACCESS_ONCE(x) (*(volatile typeof(x) *)&(x))
```

Isome kutoka ndani kwenda nje. Inachukua anwani ya `x`, inaigeuza anwani hiyo kuwa kielekezi cha aina ileile ya `x` lakini yenye alama ya `volatile`, kisha inafuata kielekezi. Data yenyewe haikuguswa. Kilichotiwa alama ni ule ufikiaji mmoja. `typeof` si neno la C ya kiwango cha wakati ule, ni nyongeza ya GCC, na bila nyongeza hiyo makro isingewezekana kuandikwa kwa namna inayokubali aina yoyote.

Hapo penye "aina yoyote" ndipo pa kutazama.

Kufuli lenyewe

Prosesa za s390 zina amri iitwayo IPTE, inayobatilisha ingizo moja la jedwali la kurasa. Mfumo mgeni ndani ya mashine pepe huitumia wakati wowote unapobadilisha ramani ya kumbukumbu yake. Upande wa mwenyeji, KVM wakati mwingine hulazimika kutembea kwenye majedwali ya mgeni kwa programu ili kujua anwani fulani inaelekea wapi. Mgeni akibatilisha ingizo katikati ya matembezi hayo, mwenyeji anapata jibu la uongo. Kwa hiyo kuna kufuli, nalo ni neno moja la biti 64 ambalo pande zote mbili hulitazama:

```
union ipte_control {
        unsigned long val;
        struct {
                unsigned long k  : 1;
                unsigned long kh : 31;
                unsigned long kg : 32;
        };
};
```

Biti `k` inasema limefungwa. `kh` ni idadi ya nyuzi za mwenyeji zilizolishika, na `kg` ni hesabu ya upande wa mgeni. Sababu ya kutumia `union` ni ya kawaida sana: mwandishi anataka kuzisoma sehemu kwa majina yake, na wakati huohuo anataka neno zima la biti 64 liwe `val` ili aweze kulibadilisha kwa mkupuo kwa `cmpxchg`. Msimbo wa kuachia kufuli ulikuwa huu:

```
do {
        new = old = ACCESS_ONCE(*ic);
        new.kh--;
        if (!new.kh)
                new.k = 0;
} while (cmpxchg(&ic->val, old.val, new.val) != old.val);
if (!new.kh)
        wake_up(&vcpu->kvm->arch.ipte_wq);
```

Huu ni mtindo anaoujua kila mtu aliyewahi kuandika msimbo wa nyuzi nyingi. Soma hali ya sasa, tengeneza hali mpya kutokana nayo, kisha iambie prosesa: kama kumbukumbu bado ina `old`, weka `new`, kama sivyo niambie nianze upya. Usahihi wake wote umesimama juu ya sharti moja, kwamba `new` imetokana na `old` *ileile* inayolinganishwa. Ndiyo maana ya `ACCESS_ONCE` pale. Bila sharti hilo, `cmpxchg` inalinda kitu ambacho hakihusiani na hesabu iliyofanyika.

Amri mbili za kusoma

Borntraeger aliukompaili msimbo huo kwa GCC 4.7.2 iliyokuja na Fedora 18, kisha akatazama amri za prosesa zilizotoka. Mwanzoni mwa kitanzi kulikuwa na hizi:

```
l     %r4,0(%r3)
alfi  %r4,2147483647
llgtr %r4,%r4
lg    %r1,0(%r3)
```

`l` inasoma biti 32 za kwanza za kufuli, yaani `k` na `kh`, na kuziweka kwenye rejista ya 4. `alfi` inaongeza 2147483647, ambayo kwa hesabu ya biti 31 ni sawa na kutoa moja, na `llgtr` inabakiza biti 31 tu. Hiyo ndiyo `new.kh--`. Mpaka hapa hakuna neno. Kisha inakuja `lg`, ambayo inasoma biti zote 64 kutoka *anwani ileile*, `0(%r3)`. Hiyo ndiyo inayokuwa `old`, pamoja na sehemu zilizobaki za `new`.

Msimbo wa C ulisema soma mara moja. Prosesa iliambiwa isome mara mbili, na kati ya kusoma kwa kwanza na kwa pili mna nafasi. Ni ndogo, ya amri mbili, lakini kwenye mashine yenye prosesa nyingi zinazofanya kazi usiku na mchana, nafasi ndogo hupata mtu wa kuingia.

Ili kuona inavyoua, chukua nyuzi mbili za mwenyeji, A na B, zote zimeshika kufuli, `kh` ikiwa 2. A anaanza kuachia. `l` yake inasoma 2, anatoa moja, anapata 1 kwenye rejista. Sasa B anaachia kikamilifu, na kumbukumbu inabaki na 1. A anaendelea na `lg`: anasoma 1, na hiyo inakuwa `old` yake. `new` yake ni 1 pia, iliyotokana na ile 2 ya zamani. `cmpxchg` inalinganisha kumbukumbu, yenye 1, na `old`, yenye 1. Vimelingana. Inaandika 1 juu ya 1 na kurudi kwa furaha.

A na B wote wameondoka, na hesabu inasema bado yupo mmoja. Hakuna atakayekuja kuipunguza tena. Na kwa kuwa `new.kh` haikuwa sifuri, `wake_up` haikuitwa. Mgeni akiwa anangoja kufanya IPTE yake, prosesa pepe yake imelala ndani ya `handle_ipte_interlock`, na usingizi wa `wait_event` hauvunjwi na ishara yoyote, ndiyo maana `kill -9` haifui dafu. Uzi uko hai, unangoja tukio ambalo halitatokea.

Hebu fikiria unaitafuta hitilafu hii ukiwa na msimbo wa C tu mbele yako. Unaongeza `printk` ili kerneli ichapishe ujumbe, nafasi kati ya amri inabadilika, tatizo linapotea. Unajenga kwa kompaila mpya zaidi, tatizo linapotea. Unasoma C kwa mara ya kumi, ni sahihi. Njia ya kufika kwenye jibu ilikuwa moja: kuvunja faili la kitu kwa `objdump` na kuhesabu ni mara ngapi anwani moja inasomwa. Kwa yeyote anayeandika msimbo usiotumia kufuli, nasisitiza zoezi hilo kuliko kitabu chochote.

Alama ilipotelea wapi

Uchunguzi upande wa kompaila ulifanywa na Andreas Krebbel, mtu wa GCC upande wa s390. Alitengeneza mfano mdogo unaorudia kosa, akalifuata hatua kwa hatua ndani ya kompaila, na alichokikuta ni mlolongo wa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kingepita bila madhara.

Cha kwanza ni hatua inayoitwa SRA. Kazi yake ni kuchukua kigeu chenye sehemu ndani yake, `struct` au `union`, na kukivunja kuwa vigeu vidogo sahili ili kila kimoja kiweze kukaa kwenye rejista. Ni uboreshaji mzuri na wenye faida kubwa. Lakini ilipouvunja usomaji wa `union ipte_control`, ilisahau kubeba alama ya `volatile`. Kutoka hapo, kwa kompaila iliyobaki, huo ulikuwa usomaji wa kawaida wa kumbukumbu ya kawaida.

Cha pili kilikuja mbele zaidi, kwenye hatua ya CSE, inayotafuta hesabu zinazofanana. Hiyo iliona kuwa thamani inayohitajika pale chini ni "kilichomo kwenye anwani ile", na ikausogeza usomaji hadi kwenye matumizi ya pili. Ndipo ikazaliwa `lg`. CSE haikukosea, iliambiwa ni kumbukumbu ya kawaida, na kwa kumbukumbu ya kawaida ilikuwa na haki.

Kwa hiyo dhana ya Borntraeger kwamba `union` ina mkono katika jambo hili ilikuwa kweli: isingekuwa `union`, SRA isingekuwa na cha kuvunja. Kosa tayari lilikuwa limeripotiwa GCC kwa namba 58145 na kurekebishwa katika mfululizo wa 4.8. Zilizobaki na ugonjwa ni 4.6 na 4.7.

Mtu anaweza kusema basi yameisha, kompaila imetengenezwa, watu wasasishe. Kerneli haina anasa hiyo. Mwaka 2014 ilikuwa bado inakubali rasmi kujengwa kwa GCC ya zamani hadi 3.2, na sakafu hiyo haikupandishwa hadi 4.6 mpaka toleo la 4.19 mwaka 2018. Yaani hata baada ya kupandishwa, kompaila mbili zenye kosa hili hili zilibaki ndani ya orodha ya zinazokubalika.

Huduma ya kwanza

Kiraka cha Novemba kiliondoa `ACCESS_ONCE` kwenye kufuli la ipte na kuweka hivi:

```
old = *ic;
barrier();
new = old;
```

`barrier()` ni makro nyingine ya `compiler-gcc.h`, nayo ni kipande cha lugha ya mashine kisicho na amri hata moja:

```
#define barrier() __asm__ __volatile__("": : :"memory")
```

Neno `memory` mwishoni linaiambia GCC kuwa kipande hiki huenda kimebadilisha kumbukumbu yoyote. Haitoi amri kwa prosesa. Inachofanya ni kuilazimisha kompaila isahau yote iliyodhani inayajua kuhusu kumbukumbu. Baada ya mstari huo haiwezi tena kudai kuwa `*ic` na `old` ni kitu kimoja, kwa hiyo lazima `old` ihifadhiwe mahali pake na `new` itoke humo.

Kwa wakati ule ilikuwa dawa sahihi: fupi, inafanya kazi kwa kompaila zote, na inaweza kurudishwa kwenye matoleo ya zamani bila kuvuruga kingine. Ila iangalie kwa makini. `old = *ic` ni usomaji wa kawaida kabisa. Hakuna kinachoizuia kompaila kuufanya kwa vipande viwili vya biti 32. Kizuizi kinakataza kusoma *tena* baada yake, hakisemi usomaji wenyewe uwe mmoja. Na kubwa zaidi, kiraka kimetibu sehemu moja. `ACCESS_ONCE` ilikuwa imetapakaa kerneli nzima, na hakuna aliyejua ni ngapi kati ya hizo zimeshika `struct` au `union`.

Makro inayokataa

Pendekezo lililobadilisha mwelekeo lilitoka kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux: ufikiaji wote wa aina hii upite kwenye aina sahili, yaani namba na vielekezi. Borntraeger akaandika makro mpya, `READ_ONCE` na mwenzake wa kuandika, ambaye mwanzoni aliitwa `ASSIGN_ONCE` na mara baada ya hapo akawa `WRITE_ONCE` huku mpangilio wa hoja zake ukigeuzwa, mahali kwanza na thamani baadaye. Ziliingia kwenye toleo la 3.19.

Ndani yake mna `switch` juu ya ukubwa. Kitu cha baiti 1 kinasomwa kama `volatile __u8`, cha baiti 2 kama `__u16`, na kuendelea hadi 8 kwenye mashine za biti 64. `union` ya kufuli letu, yenye baiti 8, inasomwa sasa kama namba moja ya biti 64. SRA haina cha kuvunja, na alama haina pa kupotelea. Kitu kisicho na ukubwa wowote kati ya hizo kilinakiliwa kwa `memcpy` kati ya vizuizi viwili, na kompaila ikatoa onyo kuwa ufikiaji huo umezidi neno la mashine.

Kisha ukafanyika msako. Waliopatikana wametumia `ACCESS_ONCE` kwenye aina zisizo sahili hawakuwa wa pembeni: kufuli za mzunguko za x86, arm na arm64, ambazo husoma `struct` ya tiketi, na msimbo wa kurasa katika `mm`, x86 na mips, ambako ingizo la jedwali la kurasa limefungwa ndani ya `struct`. Hayo ndiyo maeneo ambayo mfumo mzima unayakanyaga kila sekunde. Yote yakahamishwa, na kufuli la ipte likaachana na kizuizi chake na kupata `READ_ONCE`.

Hatua iliyofuata, mwaka 2015, ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki. `ACCESS_ONCE` yenyewe ilibadilishwa:

```
#define __ACCESS_ONCE(x) ({ \
         __maybe_unused typeof(x) __var = (__force typeof(x)) 0; \
        (volatile typeof(x) *)&(x); })
#define ACCESS_ONCE(x) (*__ACCESS_ONCE(x))
```

Kigeu `__var` hakitumiki popote. Kimewekwa kwa sababu moja: sifuri haiwezi kugeuzwa kuwa `struct` wala kupewa. Ukiipa makro hii namba au kielekezi, mstari ule unapita na kompaila inaufuta bila kuacha alama. Ukiipa `struct`, kerneli haijengeki. `__maybe_unused` iko pale kuinyamazisha GCC isilalamike kuwa kigeu hakina kazi, na `__force` ni ya Sparse, zana ya ukaguzi wa msimbo, ili isizuie ubadilishaji wa aina. Mstari mmoja, alama mbili zinazozungumza na zana mbili tofauti, na gharama kwenye prosesa ni sufuri.

Hapa ndipo ninapoona kosa la awali lilipokuwa, tukiiweka GCC pembeni. `ACCESS_ONCE` ya 2008 ilikubali kila kitu na kuahidi jambo ambalo haikuwa na njia ya kulithibitisha. Kompaila ilipovunja ahadi, ilivunja kimya. Makro ya kerneli inayosema kwa niaba ya kompaila inapaswa kuwa na mahali pa kukataa, na mahali hapo pawe wakati wa kujenga, mbele ya macho ya mwandishi, badala ya usiku kwenye mashine ya mteja.

Mlango uliobaki wazi

Kazi haikuwa imekamilika, maana `READ_ONCE` nayo ilikuwa na tawi la `memcpy`. Jina linasema mara moja, lakini `struct` ya baiti 24 haiwezi kusomwa mara moja na prosesa yoyote ya kawaida. Lile onyo la kuzidi neno la mashine lilikuwa kinga pekee, na Peter Zijlstra akaliondoa mwaka 2015. Hoja yake ilikuwa kwamba lengo la makro hizi ni kuilazimisha kompaila itoe usomaji au uandishi mara moja, na kwamba kutogawanyika kwa ufikiaji ni hali maalumu, si sharti lake. Inaeleweka: onyo lilikuwa linapiga kelele kwenye msimbo halali, na onyo la uongo huwafundisha watu kupuuza la kweli. Hata hivyo naona gharama yake ilikuwa kubwa. Kwa miaka mitano makro ilirudi kukubali kila kitu, kosa lilelile la mama yake, ingawa kwa sura ya upole zaidi.

Mwaka 2017 Mark Rutland aliisafisha `ACCESS_ONCE` kutoka kerneli nzima, sehemu kubwa kwa Coccinelle, zana inayobadilisha msimbo kwa kufuata muundo wake badala ya kutafuta maneno, na toleo la 4.15 likatoka bila hiyo. Sababu yake ilikuwa tofauti na ya Borntraeger. `ACCESS_ONCE` ilitumika kusoma na kuandika kwa jina moja, na zana zinazowinda migongano ya data haziwezi kufanya kazi yake kama hazijui lipi ni lipi. KCSAN, mojawapo ya zana hizo, iliyoingia kwenye toleo la 5.8, inategemea utengano huo.

Na ilikuwa katika 5.8 hiyo hiyo, mwaka 2020, ambapo Will Deacon aliufunga mlango. Alianza na malalamiko ya upande mwingine kabisa, kwamba `READ_ONCE` inazalisha msimbo mbovu. Makro ilikuwa inatangaza kigeu cha muda kwa `typeof(x)`, na kama `x` yenyewe ilishatangazwa kuwa `volatile`, kigeu cha muda kilirithi alama hiyo. Matokeo yake kompaila ililazimika kukiweka kwenye staki (eneo la muda ndani ya kumbukumbu) badala ya rejista, na ulinzi wa staki ukiwa umewashwa, usomaji wa namba moja ukaburuta ukaguzi mzima nyuma yake. Jibu lilikuwa `__unqual_scalar_typeof`, inayotumia `_Generic` ya C11 kutaja aina bila alama zake. Ili kuwa na uhakika wa hayo yote, mfululizo wake wa viraka uliipandisha sakafu ya GCC hadi 4.8. Muda mfupi baadaye ikawa 4.9. Kompaila zenye kosa 58145 zikatoka rasmi, miaka sita baada ya kufuli la ipte.

Tawi la `memcpy` liliondoka pamoja nazo. Mahali pake pana `compiletime_assert_rwonce_type`, inayokagua ukubwa wa `x` wakati wa kujenga na kusimamisha kazi ukiwa si neno la asili la mashine. Imeachwa ruhusa moja, `long long` kwenye mashine za biti 32, kwa kuwa msimbo mwingi tayari uliitegemea. Anayetaka kusoma `struct` kubwa hana budi kushika kufuli au kutafuta njia nyingine.

Kuna faida moja ya kuwa na jina moja kwa kitendo hiki ambayo wachache waliitarajia mwaka 2014. Kwenye arm64, kerneli ikijengwa kwa Clang, kompaila nyingine, pamoja na LTO (uboreshaji wakati wa kuunganisha faili), kompaila inaona programu nzima kwa pamoja na inaweza kuvunja utegemezi kati ya anwani iliyosomwa na data inayoelekezwa nayo, utegemezi ambao RCU inausimamia kwa nguvu zote. Toleo la 5.11 lilitibu hilo kwa kubadilisha `READ_ONCE` ya arm64 pekee: LTO ikiwashwa, makro inatoa usomaji wa kumiliki (*acquire*, unaozuia usomaji unaofuata usiutangulie), amri ya familia ya `ldar`, badala ya `ldr` ya kawaida. Maelfu ya sehemu zinazoita `READ_ONCE` hazikuguswa hata herufi.